Mbuzi, topapu, SACCOS au kubana: ipi inanitoa kwenye kausha damu bila kunirudisha?

Wa_Nkuhungu

Wakuu, mbukwenyi. Mimi ni mtumishi hapa Dodoma, kazi Mtumba, makazi Nkuhungu. Sitafuti pole. Naomba mnilinganishie njia, maana ofisini kila ninayemuuliza ananisukumia ile aliyopita yeye.

Mshahara wa msingi ni 940,000. Ukitoa mfuko wa pensheni, bima ya afya, kodi, Bodi ya Mikopo na rejesho la benki 200,000 (limebaki miezi 31), mkononi inaingia 420,000 hivi. Nje ya slipu nadaiwa hivi: kausha damu (mkopeshaji wa mtaani wa riba kubwa) 600,000, riba asilimia 20 kila mwezi, na kadi yangu ya benki anakaa nayo yeye. Mkopo wa simu 150,000. Kikoba cha mtaani 500,000, riba walishaikata siku ya kunipa. Dada yangu 350,000, hana riba ila Januari anaitaka kwa ada ya mtoto.

Njia ninazoziona: kuuza mbuzi (ninao 9 kwa mama, Mvumi), topapu benki (kuongeza mkopo juu ya ule uliopo), na afisa mikopo ameshanipigia mwenyewe, SACCOS ya kazini, nina akiba 400,000 na wanakopesha mara mbili ya akiba kwa asilimia 1 kwa mwezi, riba ya salio linalopungua, au nibane matumizi nilipe mdogo mdogo.

La pili: wakati nalipa, niweke akiba hata kidogo au isubiri kwanza? Nawasilisha.

Bajaji_ya_Sabasaba

Mkuu anza na la simu. 150,000 unaimaliza miezi miwili, mdai mmoja anatoka kwenye hesabu, unalala. Mimi madeni nayapanga kwa udogo, sio kwa riba. Deni dogo likiisha linakupa nguvu ya kupambana na linalofuata.

Mhasibu_Kizota

Bajaji, hiyo ya udogo inafaa pale riba zinapokaribiana. Hapa hazikaribiani hata kidogo. 600,000 kwa asilimia 20 ni 120,000 kila mwezi, na hiyo ni riba tupu. Akimlipa yule bwana 120,000 kwa miezi mitano ametoa 600,000, na bado anadaiwa 600,000 ileile. Kwa hiyo njia ya nne, kubana na kulipa kidogo kidogo, haina kazi hapa. 420,000 toa 120,000 toa kodi ya nyumba toa nauli ya Mtumba, anabana nini?

Sasa topapu. Wengi hawaifanyii hesabu kwa sababu mshahara unaonekana kupanda. Tuchukue mfano wa asilimia 16 kwa mwaka kwa salio linalopungua. Rejesho la 200,000 kwa miezi 31 maana yake benki bado inakudai kama 5,050,000. Ukiongeza 750,000 za kumaliza kausha damu na simu, mkopo mpya unakuwa 5,800,000. Ukiulipa kwa miezi ileile 31, rejesho ni karibu 230,000. Hapo hakuna ubaya. Lakini afisa hakupigii simu akuuzie miezi 31. Atakuambia miaka sita, rejesho linashuka mpaka kama 126,000, mkononi unaona 74,000 zaidi ya sasa na unamshukuru. Jumla ya utakacholipa inatoka milioni 7.1 kwenda karibu milioni 9.06. Hiyo tofauti ya karibu milioni mbili ndiyo bei ya zile 74,000, na bado sijagusa ada ya mkopo na bima.

SACCOS: 750,000 kwa asilimia 1 kwa mwezi, miezi 12, ni kama 66,600 kwa mwezi. Riba ya mwaka mzima haifiki 50,000. Kausha damu anakula 120,000 kwa mwezi mmoja. Sioni cha kulinganisha zaidi ya hapo.

Jambo moja tu la kuangalia: theluthi moja ya mshahara wa msingi haiguswi na makato. Kwako ni 313,000 na kidogo, kwa hiyo una nafasi ya kama 106,000. Rejesho la SACCOS linaingia. Wahi kabla hujasaini kitu kingine kikaijaza.

Mama_Zabibu_Hombolo

Mwanangu, umepewa hesabu nzuri, lakini hao wa SACCOS wanataka wadhamini. Watu wa ofisini wakijua una kausha damu watakukimbia. Waambie ukweli na uwaonyeshe hiyo karatasi ya 120,000 kwa 66,600, mtu mwenye akili atakudhamini.

Sisi wakulima wa zabibu hatuna slipu. Tunavuna mara mbili kwa mwaka, na mnunuzi anaweza kuchukua mzigo leo akalipa anapojisikia. Mkopo wa rejesho la kila mwezi kwetu ni kamba ya shingoni. Ninayemkubali ni anayesubiri mavuno, na makubaliano yakae kwenye karatasi. Wewe unayelipwa kila mwisho wa mwezi una bahati ambayo hujaijua.

Mbuzi: uza wanne sasa, usiuze wote. Sasa hivi wametoka kwenye majani, wana nyama. Ukingoja Oktoba, Novemba, kabla mvua hazijashuka, mbuzi wa Mvumi ni mifupa inayotembea na mchuuzi atakupa anachotaka yeye. Wapeleke mnadani Msalato, usimuuzie anayekuja nyumbani kwa mama. Hiyo hela ni ya dada yako, mpe kabla hajaiulizia.

Ntyuka_Juu

Naunga mkono la dada. Watu wanaliweka deni la ndugu mwisho kwa kuwa halina riba. Riba lina, ila hailipwi kwa shilingi. Subiri msiba uone nani hakuja.

Wa_Nkuhungu

Mama nashukuru sana. Mbuzi wanne nimekubali. Mhasibu, swali: kwa nini nisiwauze wote 9, nimalize kausha damu bila kukopa popote?

Mhasibu_Kizota

Unaweza, kama bei itakubali. Kwa hesabu tupu ndiyo njia ya bei nafuu kuliko zote, riba sifuri. Ila wale mbuzi ndiyo akiba pekee uliyo nayo nje ya SACCOS, na wanazaa. Ukiwamaliza, mtoto akiugua Septemba utarudi kwa nani? Kwa bwana yuleyule. Ningekuwa na chaguo hilo ningechanganya: SACCOS kwa kausha damu na simu, mbuzi wanne kwa dada, watano wabaki.

Kijana_wa_Ng'ong'ona

Kuhusu akiba mkuu, weka UTT, ile mifuko ya uwekezaji wa pamoja. Mfuko wa Ukwasi, unaingiza kwa simu, ukihitaji unatoa ndani ya siku chache. Hela haikai bure.

Mhasibu_Kizota

Kijana, UTT ni pazuri na mimi nipo huko. Lakini hata mfuko ukikupa asilimia 12 kwa mwaka, jamaa anamlipa mtu asilimia 20 kwa mwezi. Kila elfu kumi atakayoiweka huko kabla hajammaliza huyo inampotezea. Kwanza atoke.

Mzee_wa_Kibaigwa

Nitawapinga kidogo nyote wawili. Anayesubiri madeni yaishe ndipo aanze akiba hataanza. Mkono hauna mazoea. Mimi ningemwambia aweke 15,000 kila mwezi tangu mwezi huu, sio kwa ajili ya faida, ni ya panadoli, nauli ya msiba, mtungi wa gesi kuisha. Mambo haya madogo ndiyo yanawapeleka watu kwa kausha damu, sio harusi. Aiweke mahali pasipo na kadi. Kibubu ninakikataa, kinavunjwa na mwenyewe.

Akimaliza rejesho la SACCOS, ile 66,600 isirudi mezani. Aiache iendelee kukatwa kwenye slipu iwe akiba. Ameishi mwaka mzima bila kuiona, hataitafuta.

Na kabla hamjaniuliza: ndiyo, wengine huku tunaweka akiba kwenye magunia ya mahindi na alizeti. Ni biashara, sio akiba. Mwaka bei ikilala au wadudu wakaingia stoo, unabaki unayatazama. Mtu mwenye madeni asijaribu.

Bajaji_ya_Sabasaba

Sawa nimeshindwa kwa hoja, ila la simu bado lilipwe siku hiyo hiyo. Na aifute hiyo programu, sio kulipa tu halafu anaiacha. Ikibaki, ijumaa moja itamkonyeza. Pia aangalie aliyemkopesha ana leseni? Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza orodha ya majukwaa na programu 69 za kukopesha mtandaoni zinazofanya kazi bila leseni.

Mhasibu_Kizota

Hilo zuri. Na yule bwana wa kadi naye aulizwe leseni. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018 inamtaka mtu binafsi anayekopesha kama biashara awe nayo, na ukomo uliowekwa na Benki Kuu kwa kundi hilo ni asilimia 3.5 kwa mwezi. Kwa 600,000 hiyo ni 21,000, sio 120,000. Benki Kuu (BoT) wana ofisi hapahapa Dodoma na malalamiko wanapokea. Sisemi ukatae kulipa, msingi wa deni ulipe. Lakini ukikaa naye mezani uongee kama mtu anayejua hiyo namba.

Wa_Nkuhungu

Hapo kwenye kadi ndipo nilipokwama. SACCOS wakiidhinisha, hela inaingia kwenye akaunti ileile ya mshahara. Yeye ana kadi na namba ya siri. Si ataitoa yote?

Teller_Mstaafu

Nilikuwa nasoma tu, hili limeniamsha. Fanya kwa mpangilio huu. Kabla SACCOS hawajatoa hela, nenda tawini na kitambulisho chako cha NIDA, omba kadi ifungwe na utoe mpya. Huhitaji ruhusa ya anayeishika. Kumpa mtu kadi na namba ya siri ni kinyume na masharti ya kadi, na benki wanalijua hilo. Au waombe SACCOS wakupe hundi. Siku ya malipo usiende peke yako, nenda na mmoja wa wadhamini. Lipa kwa njia inayoacha muamala, usimpe noti mkononi. Aandike kwamba deni limekwisha, atie saini na tarehe, akurudishie na ile karatasi uliyosaini mwanzo. Watu wanadai kadi wanasahau karatasi, miezi sita baadaye inaibuka upya.

Wa_Nkuhungu

Karatasi niliyosaini haina kiasi. Sehemu ya kiasi iko wazi.

Teller_Mstaafu

Basi hiyo ndiyo ya kwanza kudai, kabla hujatuma hata shilingi. Akikataa kuitoa mbele ya shahidi, usilipe siku hiyo. Pita serikali ya mtaa, mwenyekiti amwite, mlipane pale ofisini kwake.