Breki: ujitengenezee uani au umwachie fundi?

Spana Kumi: Wakuu, jirani yangu kanunua pedi za breki kwenye maduka ya spea ya Gerezani, Dar, kapiga jeki Toyota IST yake uani, kafunga mwenyewe. Mkewe kagoma kupanda. Mimi nasema jirani ana haki, gari lake, roho yake. Mnasemaje?

Dereva Mstaafu: Roho yake peke yake? Na wa bodaboda aliye mbele yake? Breki si redio. Tena nyie wa otomatiki hamwendeshi gari, gari linawaendesha.

Mama Wawili: Nilitaka kupita kimya, ila hiyo ya otomatiki hapana. Naendesha otomatiki na pedi nabadili mwenyewe. Kuna fundi "mzoefu" alinifungia pedi mpya bila kusafisha wala kupaka grisi pini za kalipa, ile inayobana pedi. Gurudumu likawa linashika, rimu inaunguza mkono. Kufungua, pedi ya ndani imekwisha, ya nje bado nene. Huyo ndiye nimwachie?

Dereva Mstaafu: Sijakutaja dada. Shuka mlima Kitonga, ule wa njia ya Iringa, na gia yako ya D tuone.

Mnyalu: Hapo kwa Kitonga mzee kasema kweli. Unashuka na D, mguu kwenye breki kuanzia juu mpaka chini, mafuta ya breki yanachemka, mvuke unajaa kwenye paipu, pedali inagusa sakafu. Mafuta ya breki ya DOT 3 yakiwa mapya huchemka kwenye nyuzi 205 hivi, yakishanyonya unyevu ni 140. Na mtu ukimuuliza alibadili lini, anakwambia "mbona bado yamejaa".

Mama Wawili: Otomatiki ina gia ndogo za 2 na L za kushukia mlima, mzee. Hukuwahi kuziona?

Bozi: Mi kwenye mteremko huwa natia fri, gia haishiki, naokoa mafuta.

Mnyalu: Fri? Kitonga? Andika wosia kabisa. Injini ya EFI, hizi za kisasa zinazopuliziwa mafuta kwa umeme, ukiwa kwenye gia umeachia mguu inajikatia mafuta yenyewe. Ukitia fri lazima inywe ili isizime. Unaokoa nini?

Bozi: Hayo ya kwenye makaratasi. Mshale wangu wa mafuta ndio unaoniambia ukweli.

Dereva Mstaafu: Mshale wenyewe wa IST! Hahaha.

Spana Kumi: Turudi kwenye mada basi. Jirani anasema sasa pedali inabonyea tu, mpaka aipampu ndipo inapanda.

Mama Wawili: Upepo huo, umeingia kwenye paipu za breki. Mmoja akanyage, mwingine afungue nipo ya kutolea upepo kwenye gurudumu, aanzie gurudumu lililo mbali na masta silinda, yaani pampu kuu ya breki, na kichupa cha mafuta ya breki kisikauke. Akishikilia mguu halafu pedali ikazidi kuzama polepole, na hakuna panapovuja, hapo mipira ya masta silinda imechoka. Lakini kubadili pedi hakuhitaji kufungua paipu. Alifungua ya nini?

Dereva Mstaafu: Mnaona? Ndiyo maana nikasema fundi! Halafu si kila gari unaanzia mbali, nyingine paipu zimepita msalaba. Soma kitabu cha gari.

Mama Wawili: Kile cha Kijapani?

Mnyalu: 😂 Mzee kapatikana.

Spana Kumi: Na trafiki je? Nasikia Sheria ya Usalama Barabarani ya 1973 inambana anayeendesha gari bovu, haijalishi nani kalifungua.

Dereva Mstaafu: Trafiki waache. Huyu dada kanitukana kwamba sijui kusoma.

Mama Wawili: Nimesema Kijapani, sijasema kusoma.

Bozi: Samahani, Kitonga sasa niweke 2 au L? Jumamosi natoka Iringa.