Mnaotuuzia safari za magari Kitulo bila kukagua njia, mtakuja kuua watu

Wakuu, salaam. Naandika nikiwa Mbeya, gari yangu iko gereji, klachi imekwisha, na nimekaa siku tatu nikisubiri hasira ishuke. Haijashuka.

Jumamosi iliyopita tulitoka magari 11. Mpango tulioletewa kwenye kundi la WhatsApp ulikuwa hivi: Mbeya hadi Chimala kwa lami, tupande Matamba, tuvuke uwanda wa Kitulo, jioni tutokee Isyonje na kurudi mjini kulala. Kila gari ilitoa laki mbili kwa mratibu. Tuliambiwa njia imekaguliwa, viingilio vya hifadhi vimeshalipwa, kuna gari ya uokoaji yenye winchi, na fundi yupo. Vyote vinne vilikuwa uongo.

Mimi ni mtu wa Uwanji. Nimezaliwa Matamba, na ule mlima nimeupanda tangu mdogo nikiwa juu ya magunia ya viazi. Kwa wasioufahamu, unaitwa Hamsini na Saba kwa sababu ya kona zake. Unaacha tambarare ya Usangu, mita elfu moja na kitu kutoka usawa wa bahari, na ukishafika kule juu Kitulo uko kwenye mita 2,600. Kwenye ramani kilomita zake ni chache, na hapo ndipo mratibu wetu alipopotelea. Alihesabu kilomita. Mlima ule unahesabiwa kwa kona, kwa mvua, na kwa saa za mwanga zilizobaki.

Tulipangiwa kutoka saa 12 asubuhi. Tumetoka Mbeya saa 5 kasoro, tukisubiri fulana zenye nembo ya safari zitoke kwa mchapaji! Saa tano za mwanga zimeliwa na fulana. Na hii ni Machi, wakuu. Nyanda za Juu Kusini hatuna vuli na masika kama kaskazini, sisi mvua yetu ni moja tu, inaanza Novemba na kwenda hadi Aprili au Mei. Machi asubuhi unaweza kuona hadi Usangu yote, mchana wingu linashuka na kukaa barabarani. Tumeanza kupanda saa 7 na nusu mchana. Saa 8 mvua ikaanza.

Pale Chimala, sehemu ya mwisho ya lami, ndipo mratibu anayejua kazi yake angetusimamisha hata nusu saa. Angekagua kila gari ina tairi gani. Angetuambia tupunguze upepo ili tairi ikamate tope, na angekuwa na kompresa ya kuurudisha. Angewaeleza wenye magari yasiyo na turbo kwamba injini inapoteza karibu asilimia 10 ya nguvu kila unapopanda mita 1,000, kwa hiyo kule juu gari imeshapungukiwa karibu robo ya nguvu zake na haitapanda kama inavyopanda mlima wa Sekenke kule Singida. Angehakikisha kila mtu amejaza tenki, maana ukitembea kwenye gia nzito mafuta yanakwenda mbio. Hayakufanyika. Alipiga picha, akapanda gari yake, akatangulia.

Nami nilinyamaza. Nilijua hali ya mlima lakini nikaamini hiyo gari ya winchi iko mbele yetu. Hilo linaniuma hadi sasa.

Sasa sikilizeni kilichotokea. Mbele yangu kulikuwa na dada mmoja na RAV4 ya otomatiki, tairi za lami, nyuma kamweka mwanawe wa miaka minne. Kwenye kona kali ya mkono wa kulia tairi zikaanza kuzunguka bure. Akakanyaga breki, gari ikasimama, halafu taratibu ikaanza kurudi nyuma huku magurudumu yote yamefungwa. Tope lilikuwa linatembea nayo. Upande wa bonde hakuna ukingo, kuna nyasi halafu hakuna kitu.

Wakati huohuo Fuso ya viazi inashuka. Dereva wake, mzee wa makamo, aliisimamisha juu ya kona kwa gia, akapiga honi mara moja. Utingo wake akaruka na kabari mkononi, kile kigogo cha mti kilichochongwa ambacho utingo wa mlima ule hakiachi. Alikimbia peku kwenye lile tope, akapita ubavuni mwa RAV4 upande wa bondeni, upande wa BONDENI wakuu, akaisukumiza kabari nyuma ya tairi kwa mikono yote miwili. Gari ikapanda juu ya kabari kidogo, ikatikisika, ikatulia. Alipoinuka alikuwa na damu kwenye vidole. Yule mzee akaja dirishani, akamwambia dada kwa sauti ya chini, "Mwanangu, zima, weka handibreki, mtoe mtoto kwanza." Ndicho cha kwanza cha maana tulichoambiwa siku nzima, na kimetoka kwa mtu ambaye hatukumlipa hata shilingi.

Baada ya hapo kazi ya kuvuta ikaniangukia mimi kwa sababu nina mkonga, ile Land Cruiser. Nimevuta magari saba. Kamba iliyoletwa na waandaaji ilikuwa ya katani, na kijana wao alikuwa anaifunga kwenye ile tufe ya chuma ya kuvutia trela. Jamani, ile tufe ikikatika inaruka kama risasi, huko duniani imeshaua watu. Kamba inafungwa kwenye ndoano iliyoshikwa na chasisi, na watu wanasimama mbali. Nilimkataza. Kamba ilikatika mara mbili, mara ya pili ikapiga boneti ya mwenzetu na kuacha alama ya urefu wa mkono. Pale alikuwa amesimama mtu dakika moja kabla.

Matamba tumefika saa 12 jioni. Viingilio havikuwa vimelipwa. Mratibu alikuwa anahangaika na namba ya malipo huku mtandao unakuja na kukata, na usiku huwezi kuendesha ndani ya hifadhi. Tukalala ndani ya magari, baridi ile, watu na fulana zao.

Asubuhi magari manne yakaamua kuendelea juu, na hili limeniumiza kuliko klachi. Walipokuta barabara ina tope, wakaingia kwenye nyasi. Nilikwenda kuona. Mifereji miwili imechimbika kwenye udongo mweusi, imejaa maji, na kandokando maua yamelala kwenye tope. Kitulo imekuwa hifadhi ya taifa mwaka 2005, na sababu kubwa ni maua yale, zikiwemo okidi ambazo viazi vyake vilikuwa vinachimbwa na kupelekwa Zambia kutengenezea chikanda, chakula cha kule. Watu wa kwetu walikatazwa kuchimba, wakaacha riziki. Leo mtu anatoka mjini na tairi pana kuyapondaponda kwa sababu mratibu hakuwaambia kwamba ukikuta tope unapita katikati ya tope au unageuza.

Tuliobaki tumerudi kwa njia ileile. Hakuna aliyeambiwa ashuke kwa gia. Prado moja ilikanyaga breki kona baada ya kona hadi zikaanza kunuka, na chini kidogo pedali ikazama. Dereva aliisugua kwenye ukuta wa mlima ndiyo ikasimama. Ubavu wote umekwisha, lakini watu wanne wako hai.

Nimepeleka haya kwenye kundi. Jibu: "Mkuu, porini ndivyo kulivyo, mbona mmerudi salama?" Kisha nikaondolewa. Na tangazo la safari ya Aprili limeshatoka, njia hiyohiyo, bei imepanda.

Sitaji jina la mtu hapa. Mwenyewe yuko humu na anasoma. Rudisha fedha za yule dada na za mwenye Prado. Mtafute yule utingo, pale Chimala magari ya viazi yanajulikana, ukampe haki yake mkononi. Halafu ujibu hapahapa mbele ya watu: kabla ya kutupeleka, nani aliupanda ule mlima kuukagua, na ilikuwa tarehe ngapi?