Usiku wa Jaani: uliyeishi Estonia, tarehe 23 Juni ilikukuta wapi? Tupeane uzoefu

Mbuyu_Baridini: Wakuu, jirani yangu kapandisha bendera asubuhi, nikasubiri aishushe jioni, wapi! Ndipo nikakumbuka leo ni tarehe 23, usiku wa Jaani, sikukuu yao ya kiangazi ya kuwasha mioto, usiku ambao bendera hulala juu hadi kesho. Tallinn imebaki mahame, watu wote wamekimbilia shamba na nyama zao. Mimi nina zamu ya usiku, niondoleeni upweke. Mnaoijua Estonia kwa Bolt tu, ile kampuni yao ya teksi, someni kimya kimya.

Bi_Kiungani: Umenikumbusha 2017, Tartu, mwezi 28 Ramadhani! Wenzangu wanachoma nyama tangu alasiri, mimi nalitazama jua kama mdai anavyomtazama mdeni. Linazama saa nne na nusu usiku, na moto mkubwa umeshawashwa. Nimefungua kwa tende, mama mwenye nyumba akaniletea sahani ya mishikaki inanukia hadi moyoni. Nyama gani hii, mama? Nguruwe. Nikala viazi na matango. Kabla sijashiba, daku.

Kobe_Mwendo: Hapo kwa mdeni nimecheka peke yangu kwenye basi.

Mwana_Pangani: Mimi mmenikumbusha nisichopenda kukumbuka. 2018, kisiwani Saaremaa, kwao rafiki yangu wa karakana. Ufukweni wamepanga kuni, na katikati wamesimamisha boti ya mbao, omo juu. Baba yangu mvuvi. Kwetu chombo kikizeeka huvutwa pwani, mbao nzima zikatolewa, kilichobaki kuku wakatagia humo. Nikadhani ni pambo. Nikaenda kuipapasa: mkuku mzima, mataruma mazima, mbao tatu tu za ubavuni zimeoza. Nikamwambia rafiki yangu, hii ni ya kukalafati, wiki mbili inarudi majini. Akacheka. Nikamfuata babu yake, mwenye boti. Kiingereza hana, na Kiestonia changu ni cha dukani, basi nikamwonyesha kwa vidole pa kutia pamba, pa kupaka sifa, yale mafuta ya papa. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaitikia kwa kichwa, halafu akachukua kijinga cha moto akawasha.

Wakuu, nililia. Mtu mzima, mbele ya watu wanaopiga kodiani. Lami ilipodaka moto nikaenda kusimama kwenye mawe, nikawapa mgongo. Babu akaja na chupa mbili za bia, akasimama kando yangu bila neno. Mjukuu ndiye aliyenieleza baadaye: visiwani huku boti iliyomaliza kazi huchomwa usiku wa Jaani, afadhali iondoke na nyimbo kuliko kuozea nyasini. Babu aliiunda na kaka yake. Sikuuliza kaka yuko wapi. Lakini mbao tatu tu, jamani.

Kobe_Mwendo: Dah.

Kinyozi_wa_Viljandi: Nipunguze majonzi. 2022, dada mmoja wa kazini akaniambia twende msituni tukatafute ua la sõnajalg, yaani jimbi, wengine huita kangaga. Nikamwambia jimbi halitoi maua, shuleni tulifundishwa linazaana kwa spora. Akasema usiku huu mmoja linachanua. Basi nikawasha tochi ya simu, na usiku wenyewe mweupe kama magharibi, nikainama. Nusu saa nafunua jani baada ya jani, mbu wananimaliza, yeye kakaa juu ya kisiki ananitazama. Mwisho akauliza, "Kwani wewe kweli unatafuta ua?" Akarudi motoni peke yake. Kazini wakaniita Bwana Mimea mwaka mzima.

Bi_Kiungani: Uwiii! Uzi ufungwe.

Shangazi_Pärnu: Kwa ambao hawajaelewa: kwao kutafuta ua ni wawili kutoroka motoni. Kama kwetu mtu akikwambia anakwenda kuchota maji saa tatu usiku.

Kobe_Mwendo: Kinyozi, umeiaibisha Afrika Mashariki yote.

Mlokole_wa_Maardu: Mnacheka, lakini huu ni ushirikina. Wasichana wanachuma maua aina tisa bila kusema neno, wanayaweka chini ya mto wa kulalia ili wamwote mume. Kuruka moto! Mkristo anafanya nini pale?

Katekista_Mstaafu: Jaan ni Yohane, ndugu yangu. Tarehe 24 ni kuzaliwa kwake Mbatizaji, miezi sita kabla ya Noeli.

Mlokole_wa_Maardu: Na maua ya chini ya mto aliyafundisha Yohane?

Bi_Kiungani: Makunduchi tunachoma kibanda Mwaka Kogwa na hatujageuka majini. Hawa ni wakulima, baada ya hapa wanaingia kukata nyasi za ng'ombe. Wana hata wimbo wa kumlaani aliyebaki kulala nyumbani asifike motoni: shayiri yake iote mibaruti.

Mlokole_wa_Maardu: Na huo Mwaka Kogwa nina maoni yangu.

Mbuyu_Baridini: Tusifike huko. Halafu tarehe 23 ni Siku ya Ushindi, vita vya Võnnu, 1919. Rais anawasha moto, unapelekwa mikoani. Peleka malalamiko kwake.

Mkazi_wa_Riga: Hiyo Võnnu iko huku Latvia, inaitwa Cēsis. Na sisi tuna mataji ya majani ya mwaloni na jibini yenye kisibiti...

Kobe_Mwendo: Fungua uzi wako.

Mgeni_Mpya: Nimealikwa kesho kutwa... samahani, leo! Nivae nini?

Shangazi_Pärnu: Suruali ndefu, soksi juu yake. Kupe wa huku wana homa ya ubongo, si mchezo.

Mwana_Pangani: Na koti. Juni yao haiaminiki.

Kobe_Mwendo: Mimi kaptula miaka minne, mzima. Moto ruka ukishapungua, mwanzoni usijaribu. Nina suruali ya harusi yenye dirisha.

Shangazi_Pärnu: Usiruke kabisa! Ile bembea kubwa ya kijiji pia, usipande umeshiba.

Kobe_Mwendo: Panda umeshiba, ukiwa na njaa ndiyo kizunguzungu. Ukirudi mkaguane kupe.

Bi_Kiungani: Huko kukaguana ndiko kutafuta ua kwenyewe.

Mgeni_Mpya: Kinyozi, yule dada uliwahi kumwomba radhi?

Kinyozi_wa_Viljandi: Yuko hapa anageuza mishikaki, ananilazimisha nimtafsirie mnachoandika. Anasema nimesahau kutaja kwamba nilimwomba anishikie tochi.