Naombeni ushauri, ng’ombe wangu wanatokea ng?ombe

Wakuu habari za muda huu. Nina kisistimu kidogo cha matangazo ya mifugo, nimekiandika mwenyewe kwa Java, sevleti tupu (vile vijiprogramu vya Java vinavyojibu maombi ya kivinjari), sasa mtu akiandika tangazo kwenye simu inamwekea kile kialama cha juu kilichopinda, kwenye databesi kinaingia freshi kabisa nimechungulia mara tatu, lakini ukifungua ukurasa unakuta "ng?ombe wanang?aa", mpaka mteja mmoja kaniuliza we una uhakika kweli ni ng’ombe hao 😂

Meta ya UTF-8 (usimbaji wa herufi unaobeba alama zote) kwenye HTML ipo, haijasaidia kitu. Nikakagua heda za jibu nikakuta charset=ISO-8859-1 (usimbaji wa zamani usio na kialama hicho), ndo nikaongeza setCharacterEncoding("UTF-8") ila niliiweka chini ya getWriter() (ile inayofungua njia ya kuandika jibu), kumbe ikikaa hapo inapuuzwa tu. Nikiipandisha juu ukurasa ule unapona, ila sevleti ninazo kama 40, nitahariri moja moja mpaka lini?

Niweke filta moja (kodi ambayo kila ombi linaipitia kabla ya kufika kwenye sevleti) ishike zote au kuna pa kuandika kwenye web.xml, lile faili la mipangilio? Na data za fomu zinazoingia nazo zinataka setCharacterEncoding ya kwao? Mwenye mfano anitupie jamani.