Mrejesho: Je, 4,294,967,297 ni namba tasa?

Wakuu, narudi na jibu. Niliuliza kama namba hii, yaani 2 kwa kipeo cha 32 ukijumlisha 1, ni tasa kama mwanahisabati Fermat alivyodhani. Si tasa: ni 641 × 6,700,417. Mwanahisabati mwingine, Euler, aliligundua hilo mwaka 1732.

Ushauri wa kujumlisha tarakimu ulinipa 59, ambayo haigawanyiki kwa 3, kwa hiyo nikajua tu kwamba 3 haiigawanyi namba yetu, basi. Kugawanya moja kwa moja kulikwama, kikokotoo changu kinaishia tarakimu 8.

Aliyesema nijaribu tu namba tasa zinazobakiza 1 zikigawanywa kwa 64, Mungu akubariki! Zilibaki 193, 257, 449, 577, kisha 641. Na ule ujanja wa kutumia baki ni mtamu sana: 65,536 (2 kwa kipeo cha 16) ukigawanya kwa 641 inabaki 154. Kwa kuwa 65,536 mara yenyewe ni 2 kwa kipeo cha 32, unafanya hivyohivyo kwa baki: zidisha 154 kwa 154, ongeza 1, unapata 23,717, ambayo ni 641 × 37 kamili, kwa hiyo namba yetu nayo inagawanyika kwa 641.

Kilichonishinda ni uthibitisho wa hiyo kanuni ya 64. Mwenye maelezo mepesi aweke hapa, tafadhali. Asanteni sana.