Ushauri: Nimeombwa kutetea wavuvi wa mshipi kwenye kikao cha mgao wa samaki

Mshipi Mrefu: Wakuu, heshima kwenu. Navua wikiendi kwa burudani tu. Mgao wa samaki unapangwa upya, nimeombwa niwasemee wenzangu. Sisi ni samaki wawili kwa siku, wenye nyavu wanapewa tani. Haki iko wapi? Sipati usingizi. Nianzie wapi?

Pweza: Naweka kambi hapa.

Bi Kasia: Baba alivua kwa biashara. Kila samaki alipita kwenye mzani na kuandikwa. Wa kwenu anawaandika nani? Wawili ni wachache, ila mko maelfu.

Mzee wa Kina: Ghuba ya Mexico, upande wa Marekani, samaki aitwaye snapa mwekundu aligawanywa asilimia 51 kwa biashara, 49 kwa burudani. Mwaka 2007 wa biashara walipewa mgao wa mtu mmoja mmoja. Wa burudani wakabaki na msimu wa kuvua tu, na walizidisha sehemu yao mara kwa mara. Mwaka 2017 msimu wa boti binafsi ulitangazwa siku 3, ukaongezwa baada ya kelele.

Pweza: Mtoa mada, hotuba tu haimnyimi mtu usingizi. Sema yote.

Mshipi Mrefu: Kaka yangu mkubwa ni mvuvi wa biashara. Tunachoomba kitakatwa kwao. Ila barua ya maombi yetu nimeshasaini, siwezi kuwaangusha wenzangu. Yeye ana boti kubwa, atahimili.

Bi Kasia: Boti kubwa na mkopo mkubwa. Damu ni damu, mdogo wangu.

Tungule: Hii ni chai. Mvuvi gani analalamikia wawili bila kutaja anaowarudisha majini?

Mshipi Mrefu: Chai gani? Samaki wa kina kirefu ukimpandisha haraka, hewa kwenye kibofu chake inatanuka, tumbo linatokea mdomoni, macho yanatutumka. Ukimwachia hivyo anaelea ubavu, ndege wanamaliza. Mimi huwashusha na kamba yenye uzito, wengine wanatupa tu.

Tungule: Basi nimekuamini. Na hao wanaokufa wanahesabiwa kwa nani?

Mzee wa Kina: Hapo ndipo pa kuanzia. Omba pande zote ziripoti wanaobebwa na wanaofia majini, ndipo mgao ukatwe. Na kaka yako asikie kwako kwanza.

Mshipi Mrefu: Nilipanga kumwambia baada ya kikao.

Bi Kasia: Baada?! Mpigie sasa hivi.

Mshipi Mrefu: Yuko majini, hapatikani. Akirudi nitajaribu. Barua siitoi lakini.