Picha za Chalbi: uso wa mtu ni mali ya nani?

Ndugu zangu, jambo hili limenikaa rohoni, acha nilitoe tulijadili. Je, ni haki kuwapiga picha watu wa jangwani na kuzisambaza bila kuwauliza?

Ardhi siizungumzii. Chalbi, ule uwanda mweupe wa chumvi kati ya Mlima Marsabit na Ziwa Turkana, kaskazini mwa Kenya, piga mpaka betri iishe. Ubishi unaanza mtu anapotokea kwenye picha.

Niliwahi kufika Kalacha, kijiji cha pembeni mwa jangwa hilo, asubuhi ambayo familia moja ya Wagabra, wafugaji wa ngamia, ilikuwa inahama. Nyumba ilishabomolewa: mikeka huku, fito zilizopindwa kule, na mama mwenye nyumba anazifunga juu ya ngamia aliyepigishwa magoti. Nikamwomba ruhusa kupitia kijana aliyejua Kiborana, lugha yao, akakubali. Nilipomwonyesha picha kwenye simu aliitazama weee, kisha akaikataa. Vyombo vyake vya maziwa, alivyovisuka kwa mkono wake, havikuonekana! Akavitoa, akavipanga mbele ya ngamia, akaniambia nipige tena. Mimi nilikuwa nimepiga mtu anayehangaika na mzigo. Yeye alitaka aonekane mwenye nyumba. Ile ya kwanza niliifuta palepale.

Tangu siku hiyo, mtu akiniambia "wale hawajali, hata simu hawana", nakasirika. Simu wanazo, na picha zao wanaziona.

Rafiki yangu mpiga picha ananipinga. Anasema kati ya 2020 na 2023, mvua zilipokosekana misimu mitano mfululizo, bila picha hakuna ambaye angejua mifugo inakufa Marsabit na Turkana, na kusubiri ruhusa wakati watu wana njaa ni anasa. Nakubali kwamba picha zile zilileta msaada, na mzoga wa ngamia hauombwi ruhusa. Lakini mtoto aliyepigwa akiwa uchi, mbavu nje, mbona asitafutwe mzazi wake? Inachukua dakika ngapi? Mvua zilirudi, mtoto anakua, picha bado inazunguka na maneno "njaa Afrika", bila kijiji wala mwaka. Siku moja ataikuta.

Sheria nayo ipo. Ibara ya 31 ya Katiba ya Kenya ya 2010 inalinda faragha ya kila mtu, na Sheria ya Ulinzi wa Data ikafuata mwaka 2019. Mwaka 2023 shule moja ya Nairobi ilitozwa faini ya mamilioni kwa kuchapisha picha za wanafunzi bila idhini ya wazazi. Sawa kabisa. Mtoto wa North Horr, hukohuko Chalbi, je, yeye si mtoto?

Msimamo wangu: omba kwanza, onyesha ulichopiga, andika mahali na mwaka, na mtu akisema futa, futa. Ukirudi, mpelekee nakala ya karatasi.

Panaponitatiza ni kwenye pesa. Picha ikiuzwa, naona mwenye uso apate fungu lake, hapo sina shaka. Ila kulipa papo hapo kwa kila picha kunanitia hofu. Nimeona watoto wakiacha mbuzi na kukimbilia barabarani kila wakisikia gari, shanga shingoni, mkono umenyooshwa. Wenyeji wa kaskazini mliopo, nyinyi mngependa mgeni afanyeje?